Sakafu ya Gari la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwahi kunisemesha. Kwa miezi miwili mizima alinitukana kupitia kuku.

Kwetu Busia na kwao Kisoko, ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, desturi ni moja. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali mahali pamoja, na alipokalia mmoja mwenzake hakai. Iwe kiti, mkeka au gogo la mbele ya nyumba, ni mamoja. Wengine huiita heshima. Mimi miaka ile niliona mama yule amepewa ukuta wa kujificha ili anishambulie bila mimi kuweza kujibu. Alikaa nyuma ya jiko, kuku mwekundu akiparua vumbi pale nje, na yote aliyokuwa nayo moyoni alimwambia kuku.

"Wewe kuku, umeona mtu amekuja hapa na baiskeli? Umeona shati yake? Mtu namna hii ndiyo nilipatia msichana yangu."

Na watu wake aliongea Kidhopadhola, lugha ya kwao, na kwa jinsi walivyokuwa wakiangua kicheko, kilikuwa Kidhopadhola kitamu. Kiswahili alikiweka kwa ajili yangu, tena kwa matusi tu.

Mimi nilikuwa fundi bati upande wa Kenya, karibu na njia ya kwenda mpakani. Ilikuwa miaka ya sitini, bendera zikiwa mbili na zote mpya, lakini watu walivuka asubuhi na kurudi jioni bila kuulizwa sana. Nilitengeneza taa, karai, ndoo na mifereji ya maji ya mvua, na zaidi ya hayo nilinyoosha milango na madigadi ya magari yaliyogongwa. Nilikuwa hodari. Nasema mwenyewe kwa sababu waliostahili kusema hawakusema. Nilikuwa pia mtu wa hasira za karibu. Binamu yangu aliwahi kuchukua nyundo yangu ya kulainishia bati, ile yenye uso unaong'aa, akaenda kuvunjia mawe. Uso wa nyundo ya namna ile ukipata kovu moja, kila bati utakalolipiga litapata kovu hilohilo. Nilimfukuza mpaka barabarani, na salamu yake sikuiitikia kwa mwaka mmoja na zaidi. Watu walikuja kunisihi, wakaniambia ni nyundo tu. Niliwajibu kwamba asiyejua kazi afunge mdomo.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na mkasi mmoja wa kukatia nguo, mrefu, mzito, wenye mpini mweusi, ambao marehemu baba yake alimpa siku alipohitimu kushona. Siku moja mkasi wangu wa bati ulikatika msumari wa katikati, nami nilikuwa na taa za mteja za kumaliza kabla ya jua kutua. Nikachukua wa mke wangu. Bati la taa ni jembamba. Nilikata, nikamaliza, nikaurudisha mezani. Kesho yake alipoutia kwenye kitambaa, ulikitafuna. Hakupiga kelele. Alinitazama, akautazama mkasi, akaenda kuutupa katika sanduku langu la zana. Baada ya wiki moja alifunga mzigo wake akaenda kwao. Nilipotuma mtu kuuliza sababu, alirudi na neno moja: mkasi.

Mkasi! Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha uchungu. Mwanamke haachi nyumba yake kwa ajili ya mkasi, nilijiambia. Hapa kuna mkono wa mama. Mama yule hakunitaka tangu mwanzo. Alitaka mkwe wa kalamu kama marehemu mumewe, si Msamia kama mimi, mwenye masizi kwenye kucha. Basi nikamtia adui yangu mahali pake, nyuma ya ukuta wa jiko, nikaamini kwamba nikimshinda yeye, mke wangu atarudi nyumbani. Nilimtaka arudi. Nyumba ilikuwa imepoa, cherehani imefunikwa shuka, na mimi nilikuwa nikila ugali wa jana nimesimama.

Marehemu baba mkwe alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambulia pamba, na katika vitu alivyoacha kulikuwa na gari. Lilikuwa gari la kabla ya vita, jeusi, lenye madigadi ya mviringo na taa zilizotokeza nje. Tangu afe lilikaa katika kibanda cha nyasi na kuku walitagia humo. Mavi ya kuku na unyevu vilikula sakafu hata ukifungua mlango uliona majani yameota kutoka chini yakaingia ndani. Mpwa wa mama mkwe, dereva wa lori kule Tororo, alikuwa ameifufua injini na kununua magurudumu. Kilichobaki kilikuwa sakafu. Mama alitaka jambo moja tu: Jumapili ya shukrani ya mavuno apelekwe kanisani ndani ya gari la mumewe, aketi kando ya dereva pale alipokuwa akiketi zamani, na watu wamwone.

Masharti aliyaleta shangazi wa mke wangu. Alifika karakana kwangu na mwavuli wake, akakataa kukaa.

"Mama yake anasema hivi. Wewe tengeneza hiyo chini ya gari. Siku yeye nakaa ndani nakwenda kanisa, siku hiyo anakupa msichana. Lakini wewe usiingie ndani ya gari hata kidogo. Ukiingia, yeye hawezi kukaa tena, na maneno imeisha."

Nikamwuliza nitapimaje sakafu ya gari nisiloruhusiwa kuingia.

"Mke wako atapima. Si yeye pia ni fundi?"

Nilijua wamekaa wakanitungia mtego huu huku wakicheka. Lakini nilikubali, kwa sababu hakuna kitu nilichotaka zaidi ya kumwona mama yule ameketi juu ya kazi ya mikono yangu, asiweze kusema kitu.

Sakafu ya gari la namna ile hainunuliwi. Inaanza na karatasi. Unalaza karatasi ngumu juu ya fremu, unafuata kila kona, kila tundu la pedeli na kila mahali chuma kinapoinuka, unakata, na hicho ndicho kipimo chako. Kisha unakihamishia kwenye bati. Bati lenyewe lazima lizidi kipimo pande zote, upana wa kidole gumba, kwa sababu ukingo unakunjwa na kulala juu ya fremu, na ribiti, misumari minene inayopondwa kichwa, zinapita hapo. Sakafu isiyo na ukingo haina pa kushika.

Siku ya kupima nilisimama nje ya kibanda, hatua tano kutoka garini. Mke wangu alikuwa ndani amepiga magoti juu ya ubao, akikata karatasi za mifuko ya simenti. Alikata kwa wembe. Niliuona ule wembe, na sikuuliza kwa nini.

"Umefuata fremu mpaka mwisho?" niliuliza.

"Nimefuata."

"Tundu la pedeli?"

"Iko."

"Pale mbele panapoinuka, umekunja au umekata?"

"Nimekata. Nimeandika."

Hayo ndiyo maongezi yetu baada ya miezi mitatu ya kutoonana. Karatasi hakunipa mkononi. Aliziweka juu ya boneti akaingia nyumbani, na nyuma ya jiko kuku akaambiwa kwamba kuna watu wanapenda kusimama jua kali bila kazi.

Swali moja sikuuliza, na ndilo lililoniumbua. Nilikuwa nimekaa na mwanamke yule miaka minne. Nilijua fundi cherehani hakati penye mstari. Hata akikata pazia, anaacha nafasi ya mshono, upana wa kidole gumba. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara mia. Kwa hiyo nilipofika Busia na zile karatasi, nilijiona mjanja. Nilijiambia: huyu ameongeza ya mshono, nami nikiongeza ya ukingo, bati litakuwa kubwa kupita kiasi na mama atacheka. Nikafungua sanduku, nikachukua mkasi uliokuwa mle, nikapunguza karatasi pande zote, upana wa kidole gumba. Nilikuwa na furaha hata nikapiga mluzi.

Bati nililipata kwenye tangi la zamani la maji, lililooza chini lakini zima juu. Lilitosha vipande viwili, cha kulia na cha kushoto, na halikubaki hata la kutengenezea mfuniko wa sufuria. Nililinyoosha juu ya gogo la mvule kwa nyundo ya mti, siku tatu, mpaka mgongo wake wa mviringo ukaisha. Nikachora kipimo changu kilichopunguzwa, nikaongeza ukingo, nikakata kwa tindo, kipande kwa kipande, maana bati lile lilikuwa nene kwa mkasi wowote. Kisha nikachimba mfereji ndani ya gogo na kupigia bati humo ili lipate matuta marefu. Sakafu isiyo na matuta hulia gari linapotembea, na hukunjika mtu mzito anapokanyaga. Mama mkwe alikuwa mtu mzito. Kila tuta nililipiga huku nikimfikiria, na matuta yalitoka mazuri ajabu. Mwisho nikalainisha kwa nyundo yangu njema, nikakunja ukingo, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mbele na nyuma. Watu waliopita njiani walisimama kutazama. Mmoja aliuliza kama ni milango ya benki.

Jumatano kabla ya ile Jumapili, mpwa alipita na lori, tukapakia sakafu na sanduku langu, tukaenda Kisoko. Nilisimama tena hatua tano. Mke wangu na shangazi yake walinyanyua kipande cha kulia wakakishusha ndani ya gari polepole, na mimi nilikuwa tayari nimekunja mikono kifuani, nikisubiri sauti ya bati kuketi juu ya chuma.

Halikuketi. Lilipita katikati ya fremu, likaanguka chini juu ya majani kwa kishindo. Kuku alikimbia. Shangazi akashika mdomo.

"Wewe kuku," ilitoka sauti jikoni, "rudi, usiogope. Hiyo ni fundi ya Kenya imeanguka."

Nilikwenda mbio nikapiga magoti kando ya gurudumu, nikatazama kutoka chini. Kipande kilikuwa kimepungua upana wa kidole gumba pande zote. Upana uleule.

"Uliacha nafasi ya mshono au hukuacha?" nilimwuliza mke wangu, na najua nilikuwa nikipiga kelele.

"Sikuacha."

"Kwa nini hukuacha? Wewe siku zote unaacha!"

"Mimi nilijua wewe naongeza yako. Si kila siku unasema ukingo, ukingo? Nikasema mimi nikiongeza na yeye naongeza, itakuwa kubwa, mama atamcheka. Nikakata kwa mstari, nikakuachia wewe."

"Na mimi nilipunguza!"

"Nani alikuambia upunguze?"

Alikuwa ameacha mazoea yake kwa sababu yangu, nami nimeyaondoa mazoea yake yasiyokuwapo. Kama kila mmoja angefanya kazi yake bila kumjali mwenzake, sakafu ingeingia. Jambo hilo lilinikera kuliko kicheko cha jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke aliyenisahau, na sasa nimeonyeshwa kwa bati kwamba hakunisahau hata kidogo.

Siku nne zilibaki na bati hakuna. Nilipanda lori na mpwa mpaka Busia. Juu ya mlango wa karakana kulikuwa na kibao changu cha chuma kizuri, kimeandikwa kazi yangu kwa herufi kubwa nyeupe, kibao ambacho nilijivunia kuliko nyumba. Nilikishusha, nikakikata vipande virefu vyembamba, vya kuunga kingo zote. Nilikata nikimtukana kila mtu niliyemjua. Ijumaa nikarudi Kisoko, nikapiga ribiti vipande vile kwenye sakafu pale uani, na vilikaa vizuri.

Jumamosi ilibaki kushika sakafu kwenye fremu, na kazi hiyo haifanyiki kwa mtu mmoja. Lazima mmoja awe juu ndani ya gari apige nyundo, na mwingine awe chini akiegemeza chuma kwenye kichwa cha ribiti, la sivyo ribiti inaruka. Mimi ndani siruhusiwi. Shangazi alisema mikono yake ni ya kuchuma pamba. Mpwa alikuwa safarini. Mke wangu alijifunga leso kiunoni, akapanda.

"Nipe nyundo," alisema.

Nilimpa ile ya kichwa cha duara. Ile ya kulainishia ilikuwa imefungwa kitambaa, chini kabisa ya sanduku, na hata katika hali ile nilihakikisha iko chini. Kisha nikajilaza chali juu ya majani na mavi ya kuku, sanduku likabaki wazi kando ya mlango wa gari ambapo aliweza kulifikia.

Tulipiga ribiti mchana kutwa. Uso wangu ulikuwa chini ya sakafu na magoti yake yalikuwa juu yake, na kati yetu palikuwa na unene wa bati. Nilimsikia akipumua. Alikuwa mpigaji mzuri, mapigo manne, matano, ribiti imelala. Sikumwambia. Nilisema, "Inayofuata," naye akapiga inayofuata. Kwenye kipande kimoja cha kibao changu zilibaki herufi mbili za kazi yangu, zimelala kichwa chini juu ya pua yangu, na nilizitazama mpaka zikanichosha.

Mchana ukielekea jioni nilimsikia akiinama mlangoni kuchukua ribiti nyingine sandukuni. Alikawia. Kisha sauti yake ikashuka kupitia tundu lililokuwa juu ya uso wangu.

"Ile karatasi uliipunguza na nini?"

"Na mkasi."

"Mkasi gani?"

Niliona jicho lake moja kwenye tundu. Mkasi ulikuwa mkononi mwake, najua, kwa sababu nilisikia ukifunguka na kufungwa, na bado ulikuwa na unga wa simenti katikati ya makali. Kwa mkasi, simenti ni mchanga. Mkasi ulioharibiwa na bati, mimi nikaendelea kuulisha mchanga.

Jicho likaondoka. Nilisikia mkasi ukiwekwa sandukuni polepole, na nyundo ikashuka kabla sijaegemeza chuma. Chuma kiliteleza kikanigonga kidole, damu ikatoka chini ya ukucha.

"Bado hujaweka?" aliuliza kutoka juu. "Samahani."

Ilikuwa samahani baridi kuliko matusi yote ya mama yake.

Jumapili niliruhusiwa kukaa nyuma ya kibanda, mahali ambapo mama mkwe hangeniona wala mimi nisingemwona uso. Nilichungulia miguu. Aliingia garini na viatu vyeusi, akaketi, kisha akainua mguu mmoja akaikanyaga sakafu kwa nguvu, mara tatu. Haikulia wala haikunesa. Matuta yalishika.

"Kuku," alisema, "hii imeshika."

Hakuna sifa niliyowahi kupata maishani iliyonifurahisha kama ile, na hakuna iliyonikasirisha zaidi, kwa sababu hata siku ile aliipa kuku. Mpwa akawasha injini, gari likatoka kibandani na kuelekea kanisani, watoto wa jirani wakilikimbilia. Lilirudi saa saba, likiwa na mahindi na boga la shukrani alilonunua kwenye mnada wa kanisa. Shangazi alikuja nyuma ya kibanda akitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Amesema chukua mke wako."

Nilivaa koti. Mke wangu alitoka nyumbani akasimama mbele yangu, mikono mitupu.

"Twende," nilisema. "Mama amekubali."

"Mama amekubali kwa sababu ya gari yake. Mimi nani aliniuliza?"

"Unataka nini tena? Nimelala kwenye mavi ya kuku! Nimekata kibao changu!"

"Mkasi yangu."

"Mkasi!" Nilipiga kelele hata shangazi akarudi nyuma. "Bado ni mkasi? Ni mkasi tu, mwanamke!"

Hakupaza sauti. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile mezani.

"Na ile ya binamu yako," alisema, "ilikuwa nyundo tu?"

Akageuka akaingia ndani. Mimi nilifunga sanduku kwenye baiskeli na kuondoka bila kumuaga mtu. Nilikuwa na hasira mpaka Tororo, na nikaendelea kuwa na hasira baada ya Tororo, lakini sikuwa tena na uhakika ninamkasirikia nani. Nilivuka mpaka na uso umefura, hata askari hakuniuliza kitu.

Wiki iliyofuata niliufungua mkasi, nikatoa msumari wa katikati, nikasafisha simenti, nikanoa makali kwa tupa kama ninavyonoa wangu. Nikaendesha baiskeli hadi Kisoko. Mke wangu alileta kipande cha kitambaa cheupe, akakata mbele yangu. Mkasi ulishika, ukakunja kitambaa katikati ya makali.

"Umenoa ya bati," alisema. "Bado."

"Bado," kuku akaambiwa jikoni.

Nilirudi nikitukana. Nilitafuta jiwe laini, nikatumia mafuta badala ya maji, nikabadilisha mlalo wa makali mpaka ukawa mwembamba. Safari ya pili ulikata vizuri karibu na msumari, ukatafuna nchani. Alinionyesha ncha, akaniambia kazi yote ya nguo iko hapo, kwenye kwapa na kwenye shingo, si kwenye mstari mrefu ambao hata kisu kinaweza. Miaka minne tuliishi nyumba moja na sikuwahi kumwuliza jambo hilo. Alieleza kwa hasira, kama mtu anayemweleza mteja mjinga, nami nilisikiliza kwa hasira. Nikarudi tena Busia.

Safari ya tatu alikata kitambaa kuanzia ukingo hadi ukingo, akageuza mkono, akakata duara dogo la kwapa. Haukukatika uzi hata mmoja vibaya. Alilishika duara lile kwenye mwanga, akaupapasa ukingo wake kwa kidole. Nikajua nimemaliza. Nikashika mpini wa baiskeli, nikasubiri achukue mzigo.

Hakusogea.

"Sasa sema," aliniambia.

"Niseme nini? Si unakata?"

"Unakata. Sasa sema."

Nilitazama ukuta wa jiko. Nilijua mama yuko nyuma yake, kimya kuliko siku zote, na kwamba neno lolote nitakalotoa atakuwa nalo maisha yake yote. Ningeweza kupanda baiskeli. Ningeweza kutengeneza gari zima, kuanzia sakafu mpaka paa, kwa urahisi kuliko kusema nilichotakiwa kusema.

"Nisamehe," nilisema. "Ulikuwa mkasi wako. Sikukuomba."

"Kuku," ikatoka sauti jikoni, bila kicheko safari hii, "amesema."

Mke wangu alinyoosha mkono nyuma ya mlango, hakuhitaji hata kuingia ndani, akatoa mzigo wake akauweka kwenye baiskeli. Nilipoushika kuufunga, vidole vyangu vilichafuka. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya fundo. Mzigo ule ulikuwa umefungwa na kuwekwa pale tangu Jumapili ya kanisa.